Shajara ya mradi: Peter Mkuu anaijenga upya Urusi

Mradi: kuifikisha Urusi walipokuwa wamefika Waholanzi na Waingereza, kwa jeshi, merikebu, viwanda, shule, mavazi, hata hesabu ya tarehe. Mwenye mradi ni Peter, aliyetawazwa Tsar (mfalme wa Urusi) mwaka 1682 akiwa na miaka 10 pamoja na kaka yake Ivan, huku dada yao Sophia akitawala kwa niaba yao hadi 1689. Alichoanza nacho ni nchi pana mno, mamilioni ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana, na bandari moja tu ya bahari, Arkhangelsk, ambayo barafu huifunga miezi mingi. Baltiki ilikuwa ya Waswidi, Bahari Nyeusi ya Waturuki.

Nimefungua kichwa kipya kila hatua ilipokamilika au ilipovunjika. Palipokwenda sawa nimepita mbio. Anayetaka kuiga kazi hii atafaidika zaidi na palipoharibika, na kujua nani alilipa. Tarehe ni za kalenda ya Julius (sababu iko Desemba 1699).

1688: mashua ya Izmailovo

Katika ghala la vitu vikuukuu huko Izmailovo, pembeni ya Moscow, Peter aliikuta mashua ya Kiingereza imeachwa ioze. Franz Timmerman, Mholanzi aliyekuwa akimfundisha hesabu, akamweleza kuwa chombo cha namna ile huenda bisha: upepo ukija wa mbele kinakata huku na huku mpaka kifike. Kwa kijana wa miaka 16 aliyezoea vyombo vya mtoni, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Mholanzi mwingine, Karsten Brandt, akaitengeneza na kuisimamishia mlingoti, ikashushwa mto Yauza. Ikawa inagonga kingo. Kazi ikahamia ziwa Pleshcheyevo, wakaanza kuunda vyombo vipya hukohuko.

Kando ya hilo, vikosi viwili vya vijana aliokuwa akicheza nao vita, Preobrazhensky na Semyonovsky, vilikuwa vinageuka askari wa kweli. Tutakutana navyo vitani Narva.

Oktoba 1695: Azov, imeshindikana

Ngome ya Azov iko karibu na mto Don unapoingia baharini. Peter aliizingira kwa nchi kavu peke yake, na Waturuki wakaendelea kushusha chakula, baruti na askari kutoka baharini kana kwamba hakuna vita. Majenerali walikuwa watatu, Gordon, Lefort na Golovin, na hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake. Mtaalamu mmoja wa kigeni akahamia kwa adui na siri za kambi. Mzingiro ukavunjwa.

Marekebisho yalifanyika majira hayohayo ya baridi, na hii ndiyo sehemu inayofaa kunakiliwa. Merikebu moja ya makasia ilikuwa imeagizwa Uholanzi, ikaingilia Arkhangelsk na kufikishwa Preobrazhenskoye, karibu na Moscow. Hapo ikafanywa kielelezo. Mafundi walipasua mbao kwa vipimo vyake, kipande kwa kipande, vikasombwa kwa sleji juu ya theluji hadi Voronezh na kuunganishwa kando ya mto. Merikebu za makasia 23 na za moto 4 (za kuwashwa na kuelekezwa kwa adui) zikateremka Don mwaka 1696. Njia ya bahari ikazibwa, amri ya nchi kavu akapewa mtu mmoja, Aleksei Shein, na Azov ikasalimu amri tarehe 19 Julai.

Gharama: maelfu ya wakulima waliokusanywa kwenda Voronezh kukata miti kwenye baridi. Wengi walitoroka.

20 Oktoba 1696: merikebu kwa amri

Baraza la makabaila limepitisha kwamba Urusi iwe na merikebu za bahari. Fedha hakuna, kwa hiyo matajiri wakapangwa vikundi: wenye ardhi walitoa merikebu moja kwa kila kaya 10,000 za wakulima wao, kanisa na nyumba za watawa moja kwa kila kaya 8,000.

Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Tatizo ni kwamba mtu anayelazimishwa kulipia merikebu asiyoitaka hutafuta ya kumtoa lawamani, si ya kuelea miaka 20. Mbao zilikatwa na kutumiwa zikiwa mbichi, mafundi wa kigeni walijenga kila mmoja kwa mtindo wa kwao, na vyombo vingi vikaonekana havifai kutoka mtoni. Baada ya miaka michache vikundi vikavunjwa, serikali ikachukua kazi yenyewe na kutoza kodi badala yake.

Machi 1697 – Agosti 1698: kwenda kujifunza

Msafara wa watu kama 250 umekwenda Ulaya, na Tsar ndani yake kwa jina la Pyotr Mikhailov. Muhuri aliotumia uliandikwa kwamba yeye yumo katika daraja la wanaofundishwa na anawahitaji wa kumfundisha. Kujificha hakukufaulu. Mtu mrefu wa kama mita mbili hafichiki Zaandam. Baada ya wiki moja hivi watu walikuwa wamejaa mlangoni. Akahamia gudi la Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki huko Amsterdam, lililofungwa kwa uzio, akafanya kazi ya useremala kwenye merikebu iliyoitwa Peter na Paul kuanzia mkuku.

Alipomaliza akagundua pengo: fundi wa Kiholanzi alijua kujenga kwa jicho na mazoea, lakini hakuweza kumpa kanuni ya kuichora merikebu kwenye karatasi. Waingereza waliweza. Ndiyo maana Januari 1698 alivuka kwenda London na kukaa karibu na gudi la Deptford. Kwangu huu ndio uamuzi bora wa safari nzima: hakuridhika na ujuzi usioweza kuandikwa, maana huo haufundishiki kwa watu mia.

Gharama ya pembeni: nyumba ya John Evelyn walimopanga. Christopher Wren, yule msanifu wa kanisa kuu la St Paul, aliitwa kukadiria uharibifu, ukafika pauni 350 na ushei. Madirisha, samani, bustani, hata toroli zilizovunjwa zimo kwenye hesabu. Serikali ya Uingereza ikalipa.

Kilichoshindikana kabisa ni siasa. Hakuna mfalme aliyetaka kuungana naye dhidi ya Waturuki. Akarudi na mamia ya mafundi na mabaharia wa kuajiriwa, na macho yameshahama kutoka Bahari Nyeusi kwenda Baltiki.

26 Agosti 1698: ndevu

Siku iliyofuata baada ya kufika Moscow, Tsar alishika mkasi akawakata ndevu makabaila waliokuja kumlaki. Wa kwanza alikuwa Shein, shujaa wa Azov. Patriarki wa kanisa na wazee wachache walisalimika.

Msomaji asilione jambo hili dogo. Kwa Mkristo wa Urusi wa wakati ule, ndevu zilikuwa sehemu ya sura ambayo Mungu alimuumba nayo. John Perry, mhandisi Mwingereza aliyeajiriwa na Peter, amesimulia kuhusu seremala mzee aliyetoka kunyolewa. Alipomuuliza ndevu ziko wapi, mzee aliingiza mkono kifuani akazitoa. Alikusudia azikwe nazo, ili akifika mbele ya Mtakatifu Nikolai awe na la kujibu.

Miezi hiyohiyo askari wa Streltsy, kikosi cha zamani cha bunduki, walioasi Tsar akiwa safarini, waliadhibiwa: zaidi ya elfu moja waliuawa. Hatua ya "kistaarabu" na ya kinyama zilikwenda bega kwa bega, na hali ikabaki hivyo mpaka mwisho.

Desemba 1699: tarehe

Amri: mwaka hauanzi tena 1 Septemba wala hauhesabiwi toka kuumbwa kwa dunia. Uliokuwa mwaka 7208 ukakatishwa, 1 Januari ikawa mwanzo wa 1700. Kazi ya usiku mmoja, haikugharimu kitu. Ila alichukua kalenda ya Julius, waliyokuwa bado nayo Waingereza, na si ile mpya ya Papa Gregori. Urusi ikabaki nyuma ya nchi nyingi za Ulaya kwa siku 11. Marekebisho yalikuja mwaka 1918.

19 Novemba 1700: Narva, imeshindikana vibaya

Jeshi la Urusi la watu zaidi ya 30,000, lililoizingira Narva, ngome ya Waswidi karibu na Baltiki, limepigwa na Waswidi wasiozidi theluthi yake, theluji ikiwapuliza Warusi usoni. Mfalme wao, Karl XII, hakuwa ametimiza miaka 19. Peter alikuwa ameondoka kambini siku moja kabla, akamwachia amri Charles Eugène de Croÿ, mgeni asiyejua lugha ya askari wake. Safu zilivunjika, maofisa wa kigeni wakajisalimisha, mizinga karibu yote ikaachwa. Vikosi viwili tu vilisimama mpaka giza: vile vya vijana wa mchezo.

Mizinga ndiyo iliyouma. Bila shaba hakuna mizinga, na shaba ilikuwa juu ya makanisa. Amri ikatoka: robo ya kengele zote ishushwe, kazi akapewa Andrei Vinius. Hapa kuna somo la fundi. Kengele ina bati nyingi kuliko inayofaa kwa mzinga. Ukiiyeyusha ilivyo, utapata mzinga unaolia vizuri na kupasuka mapema. Lazima iongezwe shaba tupu. Pamoja na hayo, kufikia mwisho wa 1701 mizinga mipya zaidi ya 250 ilikuwa imesubuliwa. Mwaka huohuo tanuri la Nevyansk katika milima ya Ural likatoa chuma chake cha kwanza, na mwaka uliofuata likakabidhiwa Nikita Demidov, fundi wa silaha kutoka Tula.

Kuanzia hapa naona mtindo unaojirudia. Hatua zilizosukumwa na vita zilisimama, kwa kuwa kushindwa kulionekana kesho yake na hakuna aliyeweza kuandika ripoti ya uongo. Zilizotegemea amri tupu zilibaki juujuu.

1701–1703: shule na kitabu

Shule ya hesabu na ubaharia imefunguliwa Moscow, kwenye mnara wa Sukharev, chini ya Henry Farquharson wa Aberdeen. Leonty Magnitsky, mwalimu Mrusi, akachapisha kitabu cha hesabu mwaka 1703. Kiweke akilini.

16 Mei 1703: mji juu ya kinamasi

Ngome imeanzishwa kwenye kisiwa cha mto Neva, katika ardhi ambayo kisheria bado ilikuwa ya Uswidi. Ndiyo Saint Petersburg. Maji yalifurika mara kwa mara, ardhi haikushika nyumba bila nguzo, mawe hayakuwepo karibu. Wakulima hadi 40,000 waliitwa kwa mwaka, ingawa waliofika walikuwa pungufu. Kwa kukosa zana, wengi walisomba udongo kwa mikeka na kwa pindo za nguo zao. Waliokufa kwa homa, kuhara na njaa hawakuhesabiwa.

Tatizo la mawe lilitatuliwa kwa mabavu: mwaka 1714 ujenzi wa mawe ulipigwa marufuku kwingine kote nchini ili waashi wakose pa kwenda isipokuwa huko, na kila merikebu na mkokoteni ulioingia mjini ulitozwa mawe. Daraja juu ya Neva hakulitaka. Watu wajifunze kuendesha tanga, basi.

1705: askari, ndevu na harusi za Astrakhan

Utaratibu wa jeshi umepata umbo: kaya 20 zinatoa kijana mmoja, naye anatumikia maisha yake yote. Kijijini walimwaga kama maiti. Watoro walikuwa wengi kiasi kwamba tangu 1712 kila mwajiriwa alichanjwa alama ya msalaba mkononi na kupakwa baruti, isifutike.

Ndevu zimegeuzwa mapato. Mfanyabiashara mkubwa alilipa rubli 100 kwa mwaka, makabaila na watumishi wa serikali 60, watu wa kawaida wa Moscow 30. Mkulima alibaki na zake bure kijijini, lakini alilipa kopeki moja (sehemu ya mia ya rubli) kila alipopita lango la mji. Aliyelipa alipewa kipande cha shaba kama sarafu, kimechorwa pua, masharubu na ndevu, na maneno "fedha zimepokelewa".

Astrakhan, mji wa mbali kule Volga inapoingia bahari ya Kaspi, maofisa walitekeleza amri hizi kwa kuwanyoa na kuwakata watu makanzu hadharani. Kwenye hasira hiyo ukaingia uvumi: eti harusi zitapigwa marufuku miaka saba, wasichana waozwe Wajerumani. Wazazi wakaharakisha, zikafungwa ndoa kama 100 siku moja. Usiku uliofuata sherehe ukawa uasi, na gavana akauawa. Ilichukua hadi Machi 1706 kuuzima, tena katikati ya vita na Uswidi. Ukipiga hesabu ya jeshi lililotolewa vitani kwenda Astrakhan, kodi ya ndevu ilikula hasara.

27 Juni 1709: Poltava

Limefaulu. Jeshi la Karl XII limevunjwa na yeye akakimbilia kwa Waturuki.

Julai 1711: Prut, Azov imepotea

Akajiamini kupita kiasi, akawafuata Waturuki hadi mto Prut, akazingirwa pamoja na jeshi lote. Bei ya kutoka hai: Azov irudishwe, ngome ya Taganrog ibomolewe. Kazi yote ya Voronezh, tangu ile merikebu ya kielelezo, ikafutwa. Kilichobaki ni mafundi, wakahamishiwa Baltiki. Julai 1714 merikebu za makasia zikawashinda Waswidi huko Gangut, mwambao wa Finland.

1714–1716: shule za lazima

Imeamriwa kila mkoa uwe na shule ya hesabu, na kijana wa kikabaila asiye na cheti asiruhusiwe kuoa. Vijana walitoroka, wazazi waliwaficha, walimu hawakulipwa. Nyingi zilikufa zenyewe. Palipokuwa na mwanafunzi mwenye nia, kazi ilikwenda: Abram Petrovich, Mwafrika aliyeletwa Urusi mtoto kutoka Istanbul na kubatizwa Peter akiwa baba yake wa ubatizo, alipelekwa Ufaransa kusoma uhandisi wa kijeshi mwaka 1717 na hatimaye akawa jenerali. Ndiye Gannibal, babu mkuu wa mshairi Pushkin.

26 Juni 1718

Mrithi, Aleksei, mtoto wa Peter aliyeupinga mradi na kukimbilia nje, amefia ndani ya ngome ya Saint Petersburg baada ya kuteswa kwa idhini ya baba yake. Sina la kuongeza.

1719–1722: mfereji wa Vyshny Volochyok

Mji mpya ulihitaji nafaka kutoka Volga. Mafundi wa Kiholanzi walikuwa wamechimba mfereji wa kuunganisha mito ya Tvertsa na Tsna, ukafunguliwa 1709 kwa malango mazuri ya mbao. Walijenga kama kwao, ambako shida ni maji kuzidi. Hapa shida ilikuwa maji kupungua: kiangazi mfereji ulikauka, majahazi ya nafaka yakakaa matopeni.

Aliyeokoa kazi ni Mikhail Serdyukov, mfanyabiashara wa asili ya Kimongolia, asiye na cheti cha popote, aliyekuwa akiishi hapohapo na kuangalia maji mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1719 Peter alimpa mfereji wote auendeshe kwa gharama zake na kutoza ushuru. Serdyukov aliugeuza mto Shlina, akajenga bwawa la kutunza maji ya theluji ikiyeyuka, akawa anayaachia majahazi yanapopita. Kufikia 1722 njia ilikuwa inafanya kazi. Ni moja ya mara chache ambapo Tsar alimsikiliza mtu wa pale badala ya kuagiza mtaalamu.

1721–1722

Amani ya Nystad na Uswidi: Estonia, Livonia na mwambao wa Neva ni za Urusi. Peter sasa anaitwa Mfalme Mkuu. Jedwali la vyeo 14 limetoka; mtu wa chini anaweza kupanda hadi ukabaila kwa utumishi.

Desemba 1723: kuelekea kwetu, imeshindikana

Hatua hii haijulikani sana. Kwa siri kubwa, Makamu Admirali Daniel Wilster alipewa merikebu mbili za vita na barua kwa "mfalme" wa Madagaska, maana Ulaya ilizagaa habari kwamba maharamia wa huko wana dola yao. Baada ya Madagaska aendelee hadi Bengali kutafuta biashara. Maharamia wenyewe walikuwa wameshatawanyika, na aliyetunga mpango hakuonekana kujua lolote kuhusu kaskazi na kusi. Haikufika huko. Merikebu zilianza kuvuja zikiwa bado Baltiki, zikarudi Reval (Tallinn ya leo). Safari ikafutwa mwaka 1724.

1724: hesabu inaletwa

Kodi ya kichwa imeanza: kopeki 74 kwa kila mkulima mwanamume, mzee na mtoto mchanga sawasawa. Akifa, jina linabaki kwenye orodha hadi sensa ijayo na kijiji kinamlipia. Mkulima hatoki kijijini bila kibali. Mji wa kisasa ulilipiwa kwa kukaza kamba za utumwa wa mashambani, na hapa ndipo mradi ulipokuwa mbovu tangu msingi. Wakati huohuo, Aleksei Nesterov, mkuu wa wakaguzi waliowekwa kukamata wala rushwa, ameuawa hadharani kwa kula rushwa.

28 Januari 1725 na baada yake

Peter amefariki bila kumtaja mrithi, ingawa mwenyewe mwaka 1722 alitunga sheria kwamba mtawala ndiye amchague. Chuo cha Sayansi alichoagiza mwaka mmoja kabla kikafunguliwa akiwa kaburini: wanasayansi wote wageni, na kwa kuwa hapakuwa na vijana walioandaliwa, hata wanafunzi wa mwanzo wakaagizwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1728 ikulu ikarudi Moscow, ikakaa huko hadi 1732.

Mrusi aliyekuja kukipa chuo hicho jina alikuwa Mikhail Lomonosov, mtoto wa mvuvi kutoka upande wa Arkhangelsk, profesa wa kemia mwaka 1745. Hesabu aliijifunza kijijini kwenye kile kitabu cha Magnitsky. Ili apokelewe shuleni Moscow ilimbidi adanganye kuwa ni mtoto wa kabaila, kwa sababu watoto wa wakulima hawakuruhusiwa. Na huko kwao jina lake lilibaki kwenye orodha ya kodi ya kichwa, limeandikwa mtoro.